Mwasumini Uliokatwa Uani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu aliyeitandaza ardhi akaotesha humo kila namna ya mmea mzuri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Juma hili hatuandiki habari za mahari, wala za eda, wala za malezi ya vijana, mambo ambayo mwatuuliza mara kwa mara. Tumekusudia kuandika habari za maua. Huenda mmoja wenu akasema kuwa leo sheikh amekosa la kusema. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwani ndani ya habari hii mna haki ya mzazi, mna haki ya jirani, na mna kosa ambalo sisi wenyewe tulilitenda katika nyumba yetu hapa Vanga.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Mosi, alikuja kututazama binti wa ndugu yetu, ambaye kwa miaka mingi anaishi na mumewe nchini Uingereza. Miongoni mwa zawadi alizotuletea ilikuwamo pakiti ndogo ya mbegu. Juu yake palipigwa picha ya maua ambayo sisi hatukuwahi kuyaona: yamepandana kwenye bua moja, safu juu ya safu, mfano wa mnara wa msikiti, mengine ya zambarau, mengine ya manjano, mengine mekundu na meupe. Majani yake yamekaa kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Jina lake ni lupini.

"Ami," alituambia, "mmea huu ukishaupanda mara moja hukaa miaka. Baridi ikija hunyauka juu, lakini mizizi hubaki hai ardhini, na baridi ikiondoka huchipua tena wenyewe. Nimependa na uani kwenu kuwe na rangi."

Alisema kweli, kwani uani kwetu hakukuwa na rangi yoyote. Kulikuwa na saruji tupu, ukuta hadi ukuta, na sababu yake tutaieleza.

Tukazipanda zile mbegu. Gamba la mbegu ya lupini ni gumu, kwa hiyo tulizirowesha usiku kucha, asubuhi tukazitia katika makopo yenye udongo na mchanga. Tulipanda mbegu ishirini na nne, zikaota tisa. Wajukuu walifurahi, wakawa kila wakitoka chuoni hukimbilia makopo. Wiki ya tatu miche ikaanza kuwa myembamba na kuinama. Wiki ya sita haukubaki hata mmoja. Tulipompigia simu binti yetu alicheka, akasema, "Ami, nimekosa mimi. Ule mmea wataka baridi."

Kwa kuwa mwenye elimu hapaswi kuona haya kuuliza, tukaitafuta habari ya mmea huu. Tukakuta kwamba lupini ni jamaa ya kunde, choroko na mbaazi zetu. Nayo kama hizo, mizizi yake hufanya vifundo vidogo ambamo hewa hugeuzwa kuwa mbolea, na udongo ukanufaika. Hupenda mahali pa baridi, na udongo usiotuamisha maji wala usio na chokaa nyingi. Haupendi kuhamishwa ukishakua, kwa sababu mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambako usiku ni wa baridi, ipo hata lupini ya mwituni. Kwa hiyo ndugu zetu wa bara huenda wakafanikiwa nayo. Lakini pwani yetu, kwa joto lake, chumvi yake na mawe yake ya matumbawe, haikuumbiwa mmea huo.

Tukakuta pia kwamba Waarabu wana namna yake moja waiitayo turmus, na watu wa Misri huila. Huichemsha, kisha huirowesha kwa siku kadhaa na kubadilisha maji hadi uchungu utoke, ndipo huitia chumvi wakaitafuna. Tahadhari hapa ni muhimu: mbegu za lupini ya bustani si za kuliwa, zina sumu. Mwenye kuletewa mbegu hizi na jamaa zake wa ng'ambo aziweke mbali na watoto wadogo.

Na jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba huko Uingereza kwenyewe mmea huu ni mgeni. Asili yake ni upande wa magharibi wa Marekani ya Kaskazini, na aliyepeleka mbegu zake Uingereza, katika miaka ya 1820, ni msafiri aitwaye David Douglas. Hapo mwanzo rangi zake zilikuwa chache. Kisha akatokea mtunza bustani mmoja wa mji wa York, George Russell, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alipanda lupini, akawaachia nyuki kazi ya kuzichanganya, akang'oa zisizompendeza na kuhifadhi mbegu za zile zilizo bora. Mwaka wa 1937, alipokuwa karibu na umri wa miaka 80, ndipo zilipoonyeshwa hadharani, na watu wakastaajabia rangi zake. Mzee yule aliyeanza akiwa mtu mzima hakuwa na yakini kwamba ataishi kuuona mwisho wa kazi yake. Sisi Waislamu tumefundishwa jambo hilo zamani, pale Mtume wetu (SAW) alipotuagiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande.

Basi tukawa tumeketi na makopo yetu matupu. Mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka minane, akatuuliza, "Babu, kwani maua ya bibi mkubwa yalikuwa yapi?"

Bibi mkubwa ni mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Swali lile lilitunyamazisha.

Mama yetu alipoletwa bi arusi katika nyumba ile alipanda mwasumini uani, karibu na kisima. Tulizaliwa tukaukuta. Kila alasiri, baada ya sala, alivuta kigoda akachuma matumba ya asumini yangali yamefumba, kwa maana asumini hufunguka jioni, na anayengoja mpaka zifunguke hukuta harufu nusu imekwisha kwenda na upepo. Nyingine alizitunga koja, nyingine alizitia katika sinia lenye maji, nyingine aliziweka chini ya mito ya kulalia. Pembeni alikuwa na mirehani katika madebe, na nyuma ya choo palikuwa na mkadi. Ikitokea harusi mtaani, wanawake walimjia wakiwa na vilua walivyovipata mashambani, wakakaa naye wakifunga vikuba vya bi arusi hadi usiku. Hakuchukua senti ya mtu.

Miaka kumi iliyopita tulijaliwa riziki kidogo. Tukaona kwamba nyumba ya mwalimu, inayofikiwa na wageni wengi, haifai kuwa na ua wa mchanga na majani yaliyoanguka. Tukaita fundi, tukaagiza saruji. Fundi akauliza, "Na huu mti?" Tukamwambia aukate. Kisha ndipo tulipokwenda kumwarifu mama aliyekuwa ameketi barazani. Alituangalia, akasema, "Haya, mwanangu. Nyumba ni yako."

Sisi tulilichukua lile "haya" kuwa ndiyo ridhaa. Leo twajua kwamba mzee akikwambia "haya" kwa sauti ya chini, hapo ndipo pa kusimama na kumuuliza mara ya pili. Tangu utotoni tuliihifadhi Aya ya Suratul Israi inayotukataza kumwambia mzazi hata neno "uff," na tumeifasiri katika mimbari mara nyingi. Hatukumwambia mama uff. Tulimkatia mwasumini wake. Miaka mitatu baadaye alifariki, na katika miaka hiyo mitatu hatukumwona tena na kigoda chake uani.

Tulimweleza mjukuu haya yote, nasi hatukujificha. Akasikiliza, kisha akasema neno jingine ambalo hatukulitarajia: "Na hiyo saruji, mvua ikinyesha, maji yake yote huingia jikoni kwa bibi jirani."

Jirani yetu wa upande wa chini ni mama mjane, rafiki wa mama yetu. Nanyi mwaujua mji wetu ulivyo. Vanga iko chini. Mto Umba uteremkao kutoka milima ya Usambara hufurika, na siku za bamvua bahari hutufikia mitaani. Mchanga ndio unaotusaidia kumeza maji. Sisi tuliuziba mchanga wetu wote, na maji yaliyokuwa yakinywewa uani kwetu tukayapeleka kwa mjane, masika baada ya masika, bila ya kujua wala kuuliza. Tulipokwenda kutazama tulikuta amepandisha meko yake juu ya matofali. Hakuwahi kuja kutushitakia. Alikuwa akitustahi.

Tukamwomba radhi. Akatujibu kwa upole, "Mwanangu, maji hayana adabu, hayabishi hodi." Kisha akatushika mkono akatupeleka nyuma ya nyumba yake. Palikuwa na mwasumini mkubwa umeegemea ukuta, umejaa matumba. "Huu ni wa mama yako," akasema. "Alinikatia kijiti chake kabla hujazaliwa. Chukua wewe sasa."

Wiki ile ile tulimwita fundi. Tukavunja saruji ya upande wote unaoelekea kwa jirani, tukachimba mfereji tukautia kokoto ili maji yashuke ardhini, na kando yake tukapanda vijiti vitano. Vitatu vimeshika. Mwezi uliopita mmoja umetoa maua yake ya kwanza, manane tu. Tuliyapeleka yote kwa bibi jirani.

Sasa tuwaeleze namna ya kufanya, kwa anayetaka kuanza, maana nasaha bila ya njia ni kumchosha msikilizaji.

Kwanza ni kijiti. Chagua tawi la mwasumini lisilo changa sana wala lisilokomaa likawa kuni. Kata urefu wa shubiri moja, chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini, na ufukie vifundo viwili ardhini. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila ya kujaa maji. Baada ya mwezi mmoja au mwezi na nusu, ukiona majani mapya, jua kimeshika. Panda vingi kuliko unavyohitaji, kwani vingine hufa.

Pili ni mahali na wakati. Mwasumini hutaka jua la angalau nusu ya mchana. Upande mwanzo wa masika au mwanzo wa vuli, ili mvua ikusaidie. Upande unaopigwa na upepo wa bahari uwekee ukuta au ua wa makuti, kwa sababu upepo ule hubeba chumvi na kuunguza majani.

Tatu ni udongo. Penye chumvi nyingi usishindane na ardhi. Tumia debe au ndoo iliyopasuka, itoboe chini, uitie mchanganyiko wa udongo mwekundu, mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Mkadi hauhitaji shida hii, huo ni mwenyeji wa mchanga. Mrehani nao haudumu miaka mingi kama mwasumini. Ukikomaa huchoka, kwa hiyo weka mbegu zake au ukate vijiti vyake mapema. Ukiukata vichwa kila unapotaka kuchanua, majani yatazidi.

Nne ni maji. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, hasa wakati wa kiangazi. Kinga maji ya mvua, na yale ya kuoshea mchele usiyamwage. Mmoja wenu alituuliza kuhusu maji yaliyokwisha kutumika katika udhu: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi maji hayo hayafai kutilia udhu mwingine wa faradhi, lakini yenyewe ni tohara, hapana ubaya kunyweshea mimea. Weka beseni chini ya birika, na udhu wa watu watano utanywesha madebe yako yote. Maji yenye sabuni nyingi yaache.

Tano ni kupogoa. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Maua yakipungua, kata ncha za matawi, nao utarudi kwa nguvu. Wengi huogopa kuukata mti wakauacha uzeeke. Iko tofauti baina ya kukata ili uchipue na kukata kwenye shina, nasi tumeijua kwa gharama kubwa.

Wapo watakaotuuliza: je, maua si pumbao la dunia? Twajibu kwamba Mwenyezi Mungu amelitaja rihani katika Suratur Rahman miongoni mwa neema zake, na akalitaja tena katika Suratul Waqia miongoni mwa malipo ya walio karibu naye. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mtu akipewa rihani asilikatae, kwa kuwa ni jepesi kulibeba na harufu yake ni nzuri. Na imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Nyuki wanaokuja uani kwetu asubuhi hawajui jina letu, lakini twataraji wameandikwa.

Kuhusu mapambo, mwaijua hukumu wenyewe: manukato ya mwanamke ni ya nyumbani kwake, kwa mumewe na baina ya wanawake wenzake. Kikuba hakikufungwa ili kipitishwe sokoni. Ndani ya nyumba, hata hivyo, msijinyime. Tumewasuluhisha wanandoa wengi, na tumeona nyumba nyingi ambazo kitanda cha mwisho kutandikwa vizuri, kikatiwa asumini, kilikuwa cha usiku wa harusi. Na enyi waume mnaosomewa safu hii, kumletea mkeo kijiti cha mwasumini hakugharimu zaidi ya kubisha hodi kwa jirani.

Neno moja limebaki. Msidhani tunawaambia mkatae cha ugenini. Asumini yenyewe ilitoka bara Hindi, ikavuka bahari, ikapokewa, ikafahamiwa tabia yake, mpaka leo hakuna harusi ya pwani isiyoitaja. Mbegu za binti yetu hazikuwa na kosa, wala yeye hana kosa. Mapenzi yake ndiyo yaliyotufungua macho. Kosa ni la yule ambaye anatafuta rangi katika pakiti iliyotoka mbali, hali mti wa mama yake aliukata kwa mkono wake. Wapo wengi katika miji yetu, kutoka Jimbo hadi Msambweni na Diani, ambao hivi sasa wana mifuko ya saruji mlangoni. Kabla ya kumwaga, ulizeni mambo mawili: maji yatakwenda kwa nani, na mti huu ulipandwa na nani. Kama aliyeupanda yu hai, mwendee, ukae chini, umuulize kwa sauti ya kuuliza, wala si kwa sauti ya kuarifu.

Kwetu sisi muda huo umepita. Ijumaa iliyopita tulikwenda kumzuru mama tukiwa na mjukuu. Tulichukua kitawi cha mrehani kibichi, kama ilivyo desturi ya watu wetu, tukikumbuka vile vitawi vya mtende ambavyo Mtume (SAW) aliviweka juu ya makaburi mawili. Wanazuoni wamehitilafiana katika kumfuata kwa hilo, nasi twafuata waliolipendekeza. Mjukuu alitaka kuweka asumini. Tukamwambia zimekwisha, zote zilipewa jirani. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi bibi mkubwa atafurahi."

Ewe Mola, wasamehe wazazi wetu, nasi utusamehe tuliyowatendea tukidhani ni mema. Wajaalie majirani zetu waturidhie kabla ya siku ambayo radhi haitaombwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.